Aliyembeba Mzee Kioko

Wenzangu wa kwaya, na nyinyi tulioshona pamoja kiwandani, mmekuwa mkiniuliza ilikuwaje mtu atoke Baba Dogo kwenda Njiru halafu arudi siku ya nne, midomo imempasuka kwa jua na kiatu kimefungwa kwa waya. Kwa gari ni mwendo wa chini ya saa moja. Kila mmoja wenu nimemjibu kipande, na sasa nasikia vipande vile vinazunguka mtaani vikiwa vimetiwa chumvi. Basi nawaeleza yote, tangu tulipotoka mlangoni hadi tuliporudi.

Wengine hamkumjua babu yangu vizuri. Zakayo, baba ya baba yangu, wakati ule alikuwa na miaka kama sabini na saba. Alifanya kazi ya reli miaka mingi akiishi kwenye nyumba za reli kule Makongeni. Alipostaafu alikataa kurudi magharibi, kwetu Uluhyani, akaja kukaa nasi, kwa sababu, alisema, kijijini hakuna mtu anayejua kubishana. Kabla ya reli alikuwa askari. Alipelekwa Burma kwenye vita vya Mwingereza na Mjapani, na kazi yake huko ilikuwa machela, kuokota majeruhi na kuwafikisha kwa madaktari.

Sote tuliijua hadithi yake moja kubwa. Siku moja machela zilikwisha, akambeba mgongoni Mkamba mmoja aliyevunjwa mguu kwa risasi. Alitembea naye siku mbili, akavuka naye mto, akamwacha mahali pa madaktari bila kujua jina lake wala kama alipona. Hadithi hiyo aliisimulia Krismasi, aliisimulia matangani, aliisimulia kwa kinyozi povu likiwa shavuni.

Sasa, mama mmoja anayetuuzia mboga alikuwa akichukua nyanya zake pande za Njiru. Akaja kusema kwamba huko yuko mzee Mkamba, haoni, ana mguu mmoja, na kwamba kila mara husema alibebwa na Mluhya mpaka akavushwa mto. Tena anaumwa. Hospitali imemrudisha nyumbani.

Babu aliweka kikombe chini.

Shida ni kwamba magari yalikuwa kwenye mgomo, siku ya tatu hiyo, na hakuna aliyejua ungeisha lini. Baba alisema tungoje.

"Wewe ngoja," Babu akamwambia. "Yeye hatangoja."

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kwenda naye. Mnakumbuka kiwanda kilikuwa kimetuachisha kazi mwezi uliotangulia, kwa hiyo sikuwa na udhuru.

Kutoka Baba Dogo

Tuliondoka asubuhi baada ya king'ora cha kiwanda. Babu alivaa koti lake zito la kijivu na viatu vya ngozi alivyopewa reli. Mimi nilibeba chupa ya chai, mkate, leso mbili na dawa zake za presha.

Barabara ilikuwa imejaa. Mgomo ulikuwa umemteremsha kila mtu kwa miguu: watu wa viwandani, makarani walioshika viatu mkononi, akina mama na magunia. Nilidhani nitamwongoza mzee. Kabla hata hatujaukaribia mto wa kuelekea Kariobangi, nilikuwa nimeanza kukimbia kidogo ili nimfikie.

"Babu, polepole."

"Hii ndiyo polepole, Mama."

Alikuwa akiniita Mama kwa sababu nina jina la mama yake, Nekesa.

Alitembea kwa kipimo. Dakika hamsini mwendo, dakika kumi kupumzika, saa mkononi. Kila tulipokaa alivua viatu, akanyoosha soksi zisiwe na mkunjo, akakagua nyayo zake, kisha akanilazimisha nikague zangu, pale kando ya barabara watu wakitutazama.

"Huko tulikokuwa," alisema, "hukuulizwa kwanza kama una risasi. Uliulizwa kama una malengelenge."

Karani mmoja mwenye tai alikuwa akitembea sambamba nasi. Akamuuliza Babu anaenda kazi gani na umri ule.

"Naenda kumwona mgonjwa."

"Wapi, mzee wangu?"

"Njiru."

Karani alicheka. Kisha akamtazama Babu usoni, akaacha kucheka, akavua tai yake na kuitia mfukoni. Alitembea nasi hadi Kariobangi.

Kariobangi

Hapo ndipo soli ya kiatu cha kulia cha Babu ilipofunguka kama mdomo. Tukampata fundi viatu karibu na karakana wanakoyeyusha vyuma chakavu na kufua masufuria. Fundi alisema ngozi imekufa, uzi hautashika, akapitisha waya. Huku tukingoja tulikula chapati na maharage, madondo. Babu alikula chapati mbili na kuniagiza nimalize yangu, kwa sababu hatujui cha mbele.

Ndipo tukasikia ukelele. Mtu mmoja wa pale kwenye tanuri, mtu mzima mwenye kipara, alikuwa amemwagikiwa mguuni na bati lililoyeyuka. Watu wakamzunguka, kila mmoja na dawa yake.

"Leteni unga!"

"Wekeni dawa ya meno!"

"Mafuta ya gari, msee, hiyo ndiyo hutuliza!"

Babu aliinuka akiwa na kiatu kimoja. Kijana mmoja akamwekea mkono kifuani. "Buda, songa, utakanyagwa."

"Acheni!"

Sauti hiyo sikuwa nimewahi kuisikia. Nimeishi na Babu nyumba moja miaka mingi, nimemsikia akikohoa, akiomba, akibishana na redio. Sauti hiyo haikuwa ya nyumbani. Nyundo zilinyamaza upande wote ule.

"Wewe, maji. Wewe, ndoo nyingine. Wewe mrefu, ondoa watu apate hewa. Mtu asimguse na unga."

Wakatii. Wanaume wenye misuli, wanaopiga chuma kutwa, walikimbia kama walioamriwa na mkuu wao. Babu alipiga goti, akaagiza suruali ikatwe kwa makasi, akamwaga maji polepole, ndoo baada ya ndoo, kwa muda mrefu sana, huku akizungumza na yule mtu, akimuuliza majina ya watoto wake mmoja mmoja. Alipomaliza kuwataja watoto, akamuuliza majina ya majirani. Kisha akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka, nami nikaelewa, nikatoa leso yangu safi. Aliilaza juu ya jeraha kwa wepesi, kama mtu anayemfunika mtoto mchanga. Akawaonyesha namna ya kumwinua watu wanne kwa pamoja, wakamlaza kwenye mkokoteni, nasi tukausindikiza hadi zahanati.

Nilikuwa nimeisikia hadithi ya Burma tangu nikiwa mtoto, lakini kumbe nilikuwa naisikia tu, kama kelele za mvua juu ya bati. Siku ile niliiona mikono yenyewe ikifanya kazi. Nilitembea nyuma ya mkokoteni nikiitazama mikono hiyo.

Tulipotoka zahanati yule kijana aliyekuwa amemsukuma Babu alikuwa mlangoni, ameshika kiatu cha Babu. "Afande," alisema, "ulisahau hii."

Dandora, na kuku wa mhubiri

Saa zilikuwa zimekwenda. Tulipoingia Dandora mvua ilituangukia yote kwa mara moja. Tukakimbilia kanisa la mabati lililokuwa wazi, na humo tukakuta akina mama kama ishirini, wamevaa vitambaa vyeupe, wakiimba. Walipomwona Babu na koti lake refu, likichuruzika maji, waliacha kuimba wakapiga vigelegele.

"Amefika! Bwana asifiwe, amefika kwa miguu!"

Kumbe walikuwa wanamngoja mhubiri kutoka mbali, ambaye mgomo ulikuwa umemzuia. Babu alifungua mdomo aseme, lakini mama mmoja mnene alikuwa tayari amemvua koti, mwingine anamkausha kichwa, wa tatu anamwongoza mbele. Mimi nilijaribu kusema, "Huyu ni babu yangu tu," nikajibiwa, "Tunajua, binti, ni babu yetu sote."

Alisimama mbele yao. Nilidhani atawaeleza. Alitazama zile nyuso, akasema, "Tuombe," akaomba maneno matatu manne kwa ajili ya wagonjwa na wote walioko njiani, akasema amina, akakaa. Walisema hawajawahi kusikia mahubiri mafupi na mazito namna ile. Kisha wakatuletea kuku aliyekuwa amepikiwa mhubiri, pamoja na wali, na tukapewa pa kulala nyumbani kwa yule mama mnene.

"Babu," nilimnong'oneza, "tumekula kuku wa mtu."

"Nilitaka kusema," akajibu, akitafuna. "Hawakunipa nafasi."

Njiru, na watu wa shamba

Asubuhi jua lilitoka kali. Tulitoka Dandora tukashika barabara ya Kangundo. Siku zile Njiru ilikuwa bado ni uwanda, nyasi na machimbo ya mawe, nyumba moja hapa na nyingine kule, na vigingi vya mipaka vimepigwa kila mahali kwa sababu watu walikuwa wameanza kununua na kunyang'anyana viwanja. Hilo la vigingi sikulifikiria.

Babu alitembea kwa kipimo chake kilekile, lakini vipumziko viliongezeka urefu, na mara mbili nilimwona ameshika kifua chini ya koti. Nilipomwambia turudi aliangalia saa yake na kusema dakika kumi zimekwisha.

Tulielekezwa boma la Mzee Kioko baada ya saa sita. Babu, ambaye tangu jeshini hawezi kuingia mahali kabla ya kujua pamekaaje, alisimama kwenye ua, akanyoosha fimbo yake kuelekea vigingi, akauliza kwa sauti, "Shamba la Kioko linaanzia wapi na kuishia wapi?"

Wanaume watatu walitoka mbio nyuma ya nyumba. Mmoja alikuwa na panga, mwingine ameshika sururu.

"Tuliwaambia msirudi!" alifoka wa kwanza, ambaye baadaye tulimjua kuwa Musyoka, mtoto wa kwanza wa mzee. "Mmeona baba ni mgonjwa mnaleta wazee na makoti ya serikali!"

"Sisi si watu wa shamba!" nilipiga kelele.

"Wote husema hivyo!"

Babu hakurudi nyuma hata hatua. Alishusha fimbo, akavua kofia.

"Mwanangu," alisema, "mimi ni Zakayo, nimetoka Baba Dogo kwa miguu tangu jana. Nilikuwa Burma. Nimesikia humu ndani mna mtu aliyebebwa na Mluhya."

Musyoka alibaki na panga hewani. Kisha akalishusha taratibu, uso wake ukaanza kuvunjika kama wa mtoto.

"Ni wewe?"

Kabla Babu hajajibu, yule mwanamume alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi na kumshika miguu.

Chumbani kwa Mzee Kioko

Walituingiza chumba cha ndani. Mzee Kioko alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mwembamba, macho yamefunikwa na utando mweupe. Mguu mmoja tu ndio uliojaza blanketi. Nilimwona Babu akiutazama huo mguu, na nikaona kitu kikizimika usoni pake. Wakati ule sikuelewa ni nini.

"Baba," Musyoka alisema, "amekuja. Yule wa mto."

Mzee Kioko aligeuza kichwa. Alinyoosha mikono yote miwili hewani, akatafuta, akayapata mabega ya Babu, akayashika. Machozi yalimtoka bila sauti.

"Umechelewa," alisema. Akacheka kidogo. "Lakini umefika. Sema kitu nikusikie. Kigugumizi chako kilipona?"

Hakungoja jibu. Mzee Kioko aliendelea, kama mtu aliyekuwa amejiwekea maneno hayo miaka yote. Alisema jinsi alivyolala kwenye matope siku nzima, wenzake wametawanyika. Akaja askari wa kikosi kingine, Mluhya, mwenye kigugumizi kikali hata jina lake hakuweza kulitamka. Yule askari alivua shati lake, akalipasua, akamfunga mguu wa kulia, akamwinua mgongoni. Kwa kuwa hakuweza kuzungumza, aliimba. Katika kuimba hakuwa na kigugumizi. Aliimba wimbo mmoja wa kwao usiku na mchana, siku tatu, na kila Kioko alipotaka kuzimia aliuimba kwa nguvu zaidi. Kioko aliamka hospitali, mguu umekatwa, mtu hayuko.

Na pale kitandani, kwa sauti nyembamba, akaanza kuuvumisha ule wimbo.

Babu alishika ukingo wa kitanda. "Naomba nitoke kidogo," alisema.

Tulisimama nyuma ya tangi la maji. Ndani ya ua walikuwa wameshamshika mbuzi.

"Si yeye," Babu aliniambia. "Wangu alivunjwa mguu wa kushoto. Na mimi sikuimba. Nilimtukana njia nzima ili asilale."

"Basi ni nani aliyembeba?"

"Ezekieli." Alilitamka jina hilo kama linamuuma. "Ezekieli wa Makongeni."

Nilimkumbuka kwa mbali sana. Jirani wa Babu kwenye nyumba za reli, mzee mkimya, fundi wa mabehewa, mwenye kigugumizi. Alikuwa amefariki kitambo.

"Babu, nisikilize," nilimwambia. "Huyu mzee anakufa. Ana furaha. Mwache nayo. Utapoteza nini ukinyamaza? Kule Dandora si ulinyamaza ukala kuku wa mhubiri?"

"Kuku ni kuku, Mama. Mhubiri atapikiwa mwingine. Hii shukrani ni moja, na mwenyewe hana kinywa cha kuja kuidai. Nikiipokea mimi, nitakuwa nimemwibia mara ya pili."

Sikumuuliza mara ya kwanza ilikuwa lini. Alikuwa tayari anarudi ndani.

Alivuta kigoda, akakaa, akashika mkono wa Mzee Kioko.

"Mimi siye," alisema. "Nisamehe. Nilimbeba mtu mwingine, nikadhani ni wewe. Lakini aliyekubeba ninamjua. Nilikuwa naye kikosi kimoja, na baadaye tulikaa mlango kwa mlango. Aliitwa Ezekieli."

Musyoka alinitazama kana kwamba tumemchoma kisu. Mimi niliomba ardhi inimeze.

"Sema tena," Mzee Kioko alisema.

"Ezekieli."

"E-ze-ki-e-li." Alilitamka kipande kwa kipande, kisha lote. Akalirudia mara nyingi, hata nikapoteza hesabu. "Nimemwombea miaka hamsini bila jina. Namwambia Mungu, yule, yule wa shati. Sasa nitasema jina."

Alitaka kujua yote. Kama alioa, alifanya kazi gani, alikufa kwa nini, kama aliimba hadi uzeeni. Babu alimjibu kila swali. Aliposikia kwamba Ezekieli ana binti Makongeni, Mzee Kioko aliagiza watu wote wa boma waitwe.

Walikuja wakapanga mstari kutoka kitandani, wakapita mlangoni hadi uani: watoto wake tisa au wale waliokuwepo, wake na waume zao, wajukuu, na kitukuu mmoja amefungwa mgongoni. Kila mmoja alimpa Babu mkono na kutaja jina lake. Ilichukua muda mrefu. Babu alisimama wima wakati wote, hakukubali kigoda.

"Umewaona?" Mzee Kioko aliuliza walipokwisha.

"Nimewaona wote."

"Mwambie binti yake hawa wote walivuka ule mto. Alidhani amebeba mmoja."

Jioni tulikula mbuzi na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharage, na Musyoka mwenyewe ndiye aliyemnawisha Babu mikono.

Barabara ya Makongeni

Kesho yake nilidhani tunarudi nyumbani. Babu alishika njia ya Kayole.

Musyoka alitusindikiza na baiskeli hadi mwisho wa uwanda, akimwomba Babu apande kwenye kiti cha nyuma, naye akikataa. Baada ya hapo tulikuwa wawili. Tulipita Kayole, tukapita Umoja, jua likitupiga utosini, na mimi ndiye niliyeomba kupumzika kabla ya dakika hamsini. Karibu na barabara ya Jogoo tuliketi kwenye ukuta wa mfereji tukala machungwa, na hapo, bila mimi kumuuliza, akasema.

Kule Burma, Ezekieli alitoweka kikosini siku nyingi wakati wa mapigano. Akarudi kifua wazi, hana shati, hana bunduki. Afisa akamuuliza alikuwa wapi. Akajaribu kujibu, neno likakwama. Akajaribu tena. Askari wote walikuwa wamepanga mstari, wengine wakaanza kucheka. Afisa akachoka kungoja, akaandika kwamba amekimbia. Wakamfunga, wakamnyang'anya cheo, na kuanzia siku hiyo hadi vita vilipoisha kazi yake ikawa kusugua masufuria na kuchimba vyoo.

"Nilikuwa mstarini," Babu alisema. "Nilicheka."

Alikuwa ameshika chungwa, halili.

"Miaka yote ya Makongeni nilimsalimia vizuri. Tuligawana chumvi. Lakini moyoni nilimjua kama mtu aliyekimbia. Mara moja alianza kuniambia kitu kuhusu Burma. Neno likakwama. Nikammalizia. Nikasema, 'Yamepita, Ezekieli, hakuna anayekulaumu.' Akanitazama, akaacha."

Aliinuka kabla ya muda wake kwisha. Tulitembea bila kuhesabu tena.

Makongeni

Tulifika jua likiwa bado juu ya mapaa. Zile nyumba za reli bado zilikuwa na mistari yake, na Babu alinyoosha moja kwa moja bila kuuliza mtu. Wazee wawili walimwita kwa jina, akawapungia mkono akapita.

Rispa, binti ya Ezekieli, alikuwa mlangoni anachagua dagaa wa omena kwenye ungo. Ni mwanamke wa makamo, mpana, mwenye haraka. Alimkaribisha Babu kwa furaha, akamlaumu kwa kupotea, akaniambia nimekuwa mkubwa, akaweka chai jikoni, yote kwa pumzi moja. Babu hakutaka kukaa.

"Rispa, baba yako aliwahi kukwambia alifanya nini vitani?"

Mikono yake ilisimama juu ya ungo. "Alisugua masufuria," alisema polepole. "Watoto wa hapa walituimbia hivyo. Sufuria, sufuria. Wewe unajua, ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Sasa nisikie."

Alimweleza akiwa amesimama, kofia mkononi. Hakupamba. Alimweleza habari za shati, wimbo, siku tatu, mstari, kicheko. Alipofika kwenye kicheko alisema "mimi" waziwazi. Kisha akataja watu wa boma la Kioko jina kwa jina, wote waliompa mkono. Nilisimama pale nikishangaa jinsi alivyowashika kichwani, hata yule kitukuu. Akamaliza kwa kufikisha maneno ya mzee kama alivyoagizwa: hawa wote walivuka mto, na baba yako alidhani amebeba mmoja.

Rispa hakulia. Alikwenda jikoni akatoa chai motoni, akarudi, akakaa kwenye kizingiti.

"Unajua, baba," alimwambia Babu, "ulipokuwa ukija hapa Jumapili kutusimulia jinsi ulivyombeba yule Mkamba wako?"

"Najua."

"Baba yangu ndiye aliyekuwa akituita. Tulikuwa tukicheza nje. Alikuwa akitoka kutushika mikono, anatuvuta ndani, anatuketisha chini mbele yako. Hakuwa na neno, alikuonyesha tu kwa kidole, hivi. Alitaka tusikie."

Babu alikaa. Aliweka uso wake mikononi. Rispa alimngoja. Alipoinua uso akasema, "Nisamehe, mama," Rispa alimpa kikombe.

"Kunywa kwanza," alisema. "Kisha nitamwita kaka yangu na hawa wazee wa mstari huu wa nyumba. Utaanza tena mwanzo. Na safari hii ukae, baba, kwa sababu nitataka useme polepole."

Alisimulia mara tatu siku ile, na kila mara watu walikuwa wengi zaidi.

Tulipofika nyumbani

Asubuhi magari yalikuwa yamerudi barabarani, na hivyo ndivyo tulivyofika Baba Dogo. Kaka yake Rispa naye aliyatumia, akampeleka dada yake Njiru siku hiyohiyo. Walimkuta Mzee Kioko anapumua. Rispa aliniambia hawakuzungumza sana. Alimwomba amfundishe ule wimbo, kwa sababu baba yake aliuvumisha tu akiwa kazini na hawakuwahi kuyajua maneno. Mkamba akamfundisha Mluhya wimbo wa Kiluhya, nusu ya maneno akiyakosea. Mzee Kioko alifariki Jumapili iliyofuata.

Babu aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa zaidi. Kabla ya usiku aliolala asiamke, aliniita akanipa maagizo ya wasifu utakaosomwa siku ya mazishi yake. Tulipofika kwenye vita nikaanza kuandika habari za Mkamba wake, naye akanizuia. Akaniambia niandike kwamba alikuwa Burma pamoja na Ezekieli, kisha niandike alichofanya Ezekieli, chote, na kwamba yeye Zakayo alikuwa mstarini siku ile.

"Na wako, Babu? Yule wa mguu wa kushoto?"

"Huyo kama alipona, yuko mahali anasimulia."

Wengi wenu mlikuwapo siku niliyousoma. Mlinong'onezana, mkijiuliza kwa nini wasifu wa mzee wetu unamtaja mtu mwingine, na yule mwanamke aliyeinuka katikati ya watu, akabaki amesimama peke yake hadi nilipomaliza ukurasa ule, ni nani. Huyo ndiye Rispa.